Meza safi Jumamosi, meza haionekani Jumatano: kwa nini makorokoro hurudi baada ya kupanga nyumba

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ya vyumba vitatu, pamoja na mume wangu, mama mkwe na dada wa kazi. Kila Jumamosi ninapanga nyumba kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, na jioni hiyo nyumba inapendeza kweli. Ikifika Jumatano, meza ya chakula imefunikwa tena na madaftari, chaja, risiti na dawa za mama; kiti cha chumbani kimebeba mlima wa nguo; na juu ya friji hapana hata nafasi ya kuweka kikombe. Mwaka jana nilitoa viroba vinne vya vitu na nikanunua makontena manane ya plastiki yenye mifuniko, lakini baada ya miezi mitatu tukarudi palepale, na makontena yenyewe yamejaa. Mume wangu anasema sina mpangilio. Mama mkwe hakubali hata kopo moja litupwe, na tangu baba mkwe alipofariki mwaka juzi amekuja na mabegi yake matatu ambayo hataki yaguswe. Fundi seremala ameniambia kabati la ukutani litanigharimu shilingi milioni moja na laki mbili. Je, nitengeneze kabati, au tatizo ni mimi?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na lililonikaa moyoni ni lile neno la mwisho. Nimefundisha sayansi kimu kwa miaka mingi na nimeingia katika nyumba nyingi kwa mwaliko wa wenyewe, na karibu kila mara anayeniuliza "au tatizo ni mimi?" ni yule ambaye, nikishinda pale siku nzima, ninamwona hajakaa chini tangu alfajiri. Mtu anayetoa saa tano za kila Jumamosi kwa ajili ya nyumba yake haitwi mvivu. Hata neno la mume wako, kwamba huna mpangilio, halilingani na ulichonieleza: mpangilio unao, tena wa kila wiki, ila unashughulika na vitu vilivyokwisha kutua, wakati makorokoro yanaanzia mlangoni na mkononi, kabla kitu hakijatua popote.

Fikiria pipa la maji lililowekwa chini ya bomba ambalo halifungwi. Ukichota ndoo nne kwa mkupuo, maji yatashuka na moyo utatulia, lakini pipa litajaa tena kwa muda unaoweza kuuhesabu, kwa sababu bomba hukuligusa. Tuseme kwenu vinaingia vitu 15 kwa wiki vya kubaki, mbali na chakula, na vinatoka vitatu. Vinavyobaki ni 12 kila wiki, sawa na 624 kwa mwaka. Kama kila kiroba chako cha mwaka jana kilibeba vitu 40, ulitoa vitu 160, na kwa mwendo huo pengo linazibwa ndani ya wiki 13 hivi, yaani miezi mitatu. Tarakimu zangu ni za mfano tu. Zako utazipata ukitundika daftari jikoni kwa wiki moja na kila anayeingia na kitu akakiandika. Watu saba wakifanya hivyo kwa uaminifu, ninaamini mtashangaa kuliko mimi.

Mtashangaa kwa sababu vingi vinavyoingia havihesabiki akilini kama vitu. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kila anayekwenda sokoni mikono mitupu anarudi na mfuko mbadala, na nyuma ya mlango wa jikoni katika nyumba nyingi ninazozijua unaning'inia mfuko mmoja uliojaa mifuko mingine, mpaka mlango haufunguki kikamilifu. Kuna vitenge vya sare za harusi vilivyovaliwa mara moja na kanga zilizoandamana na msiba. Kuna chupa za juisi "zitakazofaa kuwekea maji", na blauzi tatu za mtumba kutoka soko la Karume zilizonunuliwa kwa sababu bei ya ile ya tatu ilikuwa aibu kuikataa. Kila kimoja kina sababu yake nzuri ya kuingia. Kutoka ndiko hakuna aliyekupangia.

Makontena manane yalifanya nini basi? Yaliongeza ukubwa wa pipa. Ninakuomba ufanye jaribio moja dogo: chukua kontena lolote kati ya hayo, lifunue, na utoe kitu kimoja kimoja. Nimefanya hivyo na watu wengi na orodha hufanana kiajabu: betri moja, ufunguo wa kufuli ambalo hakuna anayelikumbuka, kifungo cha shati la sare, chaja ya simu iliyokwisha kufa, nusu ya mshumaa, vidonge vya maumivu vilivyopita muda wake, na katikati ya vyote hivyo kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa yuko darasa la nne. Tazama kadi hiyo ilivyokaa. Ndiyo inayokufanya usithubutu kumwaga kontena zima, kwa hiyo betri na mshumaa vinapata ulinzi ambao havikustahili. Kila kitu kilichomo ni swali ambalo siku fulani hukuwa na nguvu ya kulijibu: ninakihitaji, cha nani, kinakaa wapi? Mfuniko ulipofungwa, swali lilikuwa bado halijajibiwa, na hakuna kabati linaloweza kulijibu kwa niaba yako. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote nitakayosema, kwamba kinachorudi mezani kila Jumatano ni maamuzi yaliyoahirishwa Jumamosi.

Sasa tuje kwenye kile kiti cha chumbani, ambacho kwa kweli ninakipenda, kwa kuwa hakuna mwalimu bora kuliko kiti hicho. Ulivaa gauni kwenda kikao cha wazazi, saa mbili tu, kisha ukarudi. Gauni si chafu kiasi cha kwenda kwenye tenga la nguo za kufua, na kwa joto la Dar es Salaam si safi kiasi cha kurudi kabatini kati ya nguo zilizopigwa pasi. Nyumba yako ina mahali pa nguo safi na mahali pa nguo chafu, lakini nguo za hali ya tatu hazina kwao. Mkono wako ulifanya jambo la busara kabisa ukaitupia gauni mahali palipo wazi, penye hewa na karibu. Ukikiondoa kiti hicho, mlima utahamia ukingoni mwa kitanda. Ukipigilia ndoano tano nyuma ya mlango wa chumba, kila mtu na ndoano zake mbili na moja ya ziada, ukakubaliana na mume wako kwamba ndoano zikijaa lazima kitu kimoja kiende kufuliwa au kabatini, kiti kitaanza kukaliwa.

Dawa za mama ni hadithi ileile kwa sura nyingine. Ningependa kujua zinapaswa kukaa wapi. Ninabashiri ni ndani ya kontena, juu ya kabati, nyuma ya kontena jingine, kwa hiyo mtu anayezirudisha anapaswa kuvuta stuli, kuteremsha kitu kimoja, kufunua mfuniko, kuweka, kufunika na kupandisha tena. Mama anameza dawa asubuhi na usiku. Hakuna binadamu atakayefanya kazi hiyo mara mbili kwa siku, awe mama mkwe au dada wa kazi, na meza itashinda kila siku. Kitu kinachotumika kila siku kirudishwe kwa mkono mmoja, bila kufunua chochote na bila kusogeza kingine. Dawa ziwe kwenye kikapu kidogo kisicho na mfuniko, palepale mama anapokaa akizimeza, ila pawe juu kiasi kwamba mtoto hafiki. Kanuni hii ni ndogo, nayo imewasaidia watu kuliko mafunzo yangu mengine yote.

Liko jambo la tatu, ambalo wengi hawalioni kwa kuwa linafanyika kimya. Ukipanga nyumba peke yako, ramani ya nyumba inabaki kichwani mwako peke yako. Siku sita zinazofuata watu sita wanaishi ndani ya nyumba ambayo ramani yake hawanayo. Wengine watakuuliza "hii niweke wapi?" mara ishirini kwa siku, na wewe utachoka kujibu kuliko ungechoka kuweka, wengine hawatauliza, wataweka mezani, kwa sababu meza ndiyo mahali pekee ambapo kila mtu ana uhakika kwamba hatakosea.

Huenda umewahi kuona katika hospitali zetu bango lenye maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ndio utaratibu wa 5S, uliozaliwa katika viwanda vya Japani, na Wizara ya Afya ya Tanzania ilianza kuutumia hospitalini mwaka 2007. Maneno hayo yamechaguliwa vizuri na yanatufaa hata majumbani. Kusasambua ni kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika, kuseti ni kukipa kila kitu mahali pake, na kusafisha unakujua. Kila Jumamosi wewe unafanya hizo tatu, tena kwa haraka, halafu unasimama. Kusanifisha ni kuufanya utaratibu usomeke na yeyote bila kukuuliza: alama ya rangi kwenye rafu, jina lililobandikwa kwenye ndoano, umbo la mkasi lililochorwa ubaoni ili hata mgeni aone kwamba mkasi haupo. Kushikilia ni kuurudia kwa zamu mpaka uwe desturi ya nyumba. Muuguzi wa zamu ya usiku anakuta bomba za sindano mahali palepale alipoziacha mwenzake wa mchana kwa sababu droo yenyewe inasema, wala hana haja ya kumjua mwenzake. Kwako, droo hazisemi kitu. Mtoto wako wa miaka saba hasomi mawazo yako, lakini picha ya kiatu iliyobandikwa kwenye boksi anaielewa.

Niseme kidogo kuhusu fikra mbili zinazopotosha. Ya kwanza ni kwamba nyumba kubwa ingemaliza tatizo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walizifuatilia familia 32 za kipato cha kati mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wenye nyumba ambazo wengi wetu tungeziita za kifahari, na wakakuta gereji zimejaa vitu kiasi kwamba magari mengi yalilala nje. Ya pili ni kwamba hili ni jambo la urembo tu na mama wa nyumba anajisumbua bure. Kutokana na familia hizohizo, Darby Saxbe na Rena Repetti walichapisha mwaka 2010 utafiti ulioonyesha kwamba wake walioieleza nyumba yao kuwa na mrundikano na kazi zisizokwisha, homoni ya kotisoli, inayohusiana na msongo na ambayo kwa kawaida hushuka kadiri siku inavyokwenda, haikushuka kwao inavyotakiwa. Kwa waume uhusiano huo haukuonekana kwa namna hiyo. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba vitu ndivyo vilivyoleta uchovu, kwani huenda aliyechoka ndiye anayeona vitu vimezidi. Hata hivyo unaweza kumsomea mume wako aya hii jioni moja, kwa sauti ya upole.

Kwa nini basi kuachana na kitu ni kugumu hivi, hata kitu ambacho hatukitumii? Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walieleza majaribio waliyoyafanya na wanafunzi: baadhi yao walipewa vikombe, wengine hawakupewa, kisha wakaulizwa bei. Waliokuwa na kikombe walitaka zaidi ya mara mbili ya kile ambacho wasio nacho walikuwa tayari kulipa, ingawa vikombe vilikuwa vilevile na walikuwa wamevipata muda mfupi tu uliopita. Kumiliki kwenyewe kunapandisha thamani. Ndiyo maana swali "je, nitakihitaji siku moja?" halisaidii, kwani jibu lake ni ndiyo daima. Jiulize hivi: kama kitu hiki kingekuwa sokoni leo na mimi sinacho, ningetoa shilingi ngapi kukinunua? Kwa ile chaja iliyokufa jibu linakuja haraka.

Lakini sitaki kusema kama watu wanaoishi mahali ambapo maji hayakatiki. Wahenga waliposema akiba haiozi hawakuwa wajinga, na mama mkwe wako, ambaye pengine anaikumbuka miaka ya foleni za sukari na sabuni mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ana sababu ya kuliheshimu kopo lenye mfuniko. Kuweka akiba ni akili. Ila akiba ina idadi, ina kazi, na ina siku ya kukaguliwa. Madumu sita ya lita 20 kwa ajili ya mgao wa maji ni akiba. Dumu la kumi na moja, lisilo na mfuniko, lililolala nyuma ya nyumba likikusanya maji ya mvua, ni mazalia ya mbu aina ya Aedes wanaoeneza homa ya dengi, ambayo Dar es Salaam iliionja vibaya mwaka 2014 na tena 2019. Na katika unyevu wa pwani yetu hii, nguo zilizofungiwa kwenye begi chini ya kitanda zinaoza kwa maana halisi ya neno: ukifungua zipu baada ya masika mawili, harufu ya ukungu inakupokea kabla hujaona rangi ya kitambaa.

Kuhusu njia zilizo mbele yako, nitakwambia ninavyoziona mimi. Ule mtindo wa kutoa viroba vinne kwa siku moja unaleta nafuu ya haraka, na sina ubaya nao, lakini ukifanywa kabla ya kupunguza kinachoingia ni kazi ya kurudiwa kila robo mwaka, na ukifanywa na mtu mmoja juu ya vitu vya watu saba unazaa ugomvi. Kanuni ya "kikiingia kimoja kitoke kimoja" ni nzuri kwa viatu na vikombe, lakini kwa nyumba yenye watoto wanaokua inachosha kuisimamia. Kukataa vitu mlangoni kungekuwa dawa kamili kama tusingekuwa na ndugu, kwani sare ya harusi ya binamu hailipiwi kitambaa tu, inalipiwa undugu, na mimi sitakushauri uikatae. Ninayoipendelea ni kuweka kikomo kwa chombo: mifuko mbadala ina mfuko mmoja wenye ukubwa huu, vitenge vina rafu moja, makopo ya mama yana rafu moja. Chombo kikijaa, anayetaka kuongeza ndiye anayechagua cha kuondoka. Faida yake ni kwamba ukuta wa chombo ndio unaosema hapana, na wewe hulazimiki kuwa polisi.

Ningekuwa wewe, ningeanza na meza ya chakula peke yake, na nyumba iliyobaki ningeiachia uhuru wake kwa miezi miwili. Kila usiku baada ya chakula, kabla sahani hazijaondolewa, dakika 10 za watu wote: kila mmoja anachukua kilicho chake mezani. Kisicho na mwenyewe kinawekwa kwenye kapu moja lililo karibu na mlango wa nje, na kapu hilo lina siku yake na mtu wake. Ijumaa, kwa mfano, mtoto mkubwa anapeleka chupa na vyuma chakavu kwa mnunuzi wa mtaani na fedha ni zake. Hapo utaona mtoto anavyotafuta chupa hata zile ambazo bibi yake amezificha, na itabidi umzuie. Usitarajie desturi itashika wiki ya pili. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya za kila siku, na kwa wastani zilichukua siku 66 mpaka zikawa zinajiendesha zenyewe, wa haraka siku 18 na wa taratibu kabisa makisio yalifika siku 254. Waligundua pia kwamba kuikosa siku moja hakuharibu safari, kwa hiyo siku ya msiba au ya homa msijilaumu.

Tahadhari moja kuhusu lile begi ambalo kila nyumba ya Dar es Salaam inalo, begi la "vitu vya kupeleka kijijini mwezi wa kumi na mbili". Likikaa kuanzia Februari hadi Desemba, nalo ni uamuzi ulioahirishwa, tena umevaa nguo za ukarimu. Mabasi yanapakia mizigo kila siku. Tuma wiki hii, na tuma tu kile ambacho wewe mwenyewe ungefurahi kukipokea, maana shangazi aliyeko kijijini naye ana nyumba na hana dampo.

Sasa nije kwa mama mkwe, na hapa ninakuomba utembee taratibu. Makopo na mabegi yake ni mambo mawili tofauti. Makopo ni akiba, na rafu moja yenye kikomo, aliyoichagua yeye, inatosha kuyamaliza kwa heshima. Mabegi ni mume wake. Mtu aliyeondoka nyumbani kwake baada ya kufiwa, akaja kuishi kwa mwanawe, amebaki na mabegi matatu ya maisha ya ndoa nzima, na mwaka wa pili wa msiba haujawa mbali. Usiyafungue akiwa hayupo, wala usimruhusu yeyote kutupa hata leso kwa siri. Nimeona nyumba ambamo hilo lilifanyika kwa nia njema, na imani iliyovunjika siku hiyo haikurudi. Mama yule alianza kuficha hata vijiko. Siku akiwa na furaha, kaa naye, mwombe akuonyeshe kitu kimoja na akusimulie. Mara nyingi kitu kikishasimuliwa na kusikilizwa kinapungua uzito, na mwenyewe husema, "hili koti mpe mjukuu."

Iko hali, hata hivyo, ambapo ushauri wa mtu kama mimi hautoshi. Mama mkwe akianza kukusanya vitu ambavyo hakuwahi kuvijali, takataka za barabarani kwa mfano. Akificha chakula mpaka kikaoza. Akisahau majina au njia ya dukani. Au akituhumu watu kwamba wanamwibia vitu ambavyo ameviweka mwenyewe, hayo yanaweza kuwa dalili za tatizo la kumbukumbu, naye anapaswa kuonwa na daktari mapema. Upo pia ugonjwa wa kulimbikiza vitu, ambao Shirika la Afya Duniani limeupa nafasi yake katika uainishaji wa magonjwa unaotumika tangu Januari 2022. Dalili yake kubwa ni kwamba mtu anapata mateso makali anapotakiwa kuachana na vitu bila kujali thamani yake, mpaka kitanda hakilaliki na jiko halipikiki. Huo hautibiwi kwa kumfanyia mtu usafi wa nguvu. Tiba yenye ushahidi zaidi ni ya mazungumzo, inayomsaidia kubadili fikra na mwenendo hatua kwa hatua. Kwa ulivyonieleza, sidhani mama amefika huko, lakini mimi sijamwona.

Na wewe pia nakuuliza, kwa kuwa hakuna aliyekuuliza. Kama kwa majuma mawili au zaidi umekuwa ukiamka umechoka, huna hamu hata ya yale uliyoyapenda, unalia bila sababu, au kazi ndogo kama kukunja nguo inakuelemea kama kupanda mlima, hilo linaweza kuwa sonona, na fujo ya nyumba ikawa ni kivuli chake tu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa na uombe kuonana na kitengo cha afya ya akili. Ofisa ustawi wa jamii naye anaweza kusaidia mazungumzo ya kifamilia kama nyumba imekuwa ya kugombana.

Nimelichelewesha kabati makusudi. Usimpe fundi malipo ya awali kwa sasa. Ngoja miezi miwili. Meza ikiwa inabaki safi na kiti kinakaliwa, utajua ni vitu gani vimebaki bila kwao, na hapo ndipo umwite apime. Ninatarajia atakutengenezea kitu kidogo kuliko hicho cha milioni moja na laki mbili. Mwambie rafu ziwe wazi, zisizozidi sentimita 30 kwenda ndani, ili kitu kisisimame nyuma ya kitu kingine kikasahauliwa. Mlango uwekwe kwenye sehemu moja tu, iliyo usawa wa mkono wa mama mkwe, yenye kitasa na ufunguo, ipimwe itoshe mabegi matatu, na ufunguo akae nao yeye.